Futa, Tuanze Upya

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Jumamosi moja saa sita mchana, tukikunja nguo uani. Alikuwa amefika asubuhi ile na basi la kwanza. Yeye ameshika ncha mbili za shuka, mimi mbili. Kila tulipokutanisha ncha alisema kipande, tukirudi nyuma kunyoosha ananyamaza. Mambo ya kompyuta nimeyaandika kama alivyonieleza, na pale niliposhindwa kuelewa alirudia, bila kukasirika, kama mtu aliyezoea kurudia.

Namba ilikuwa arobaini na moja alipoanza kuhisi kubanwa kifua.

Alikuwa amekaa peke yake kwenye chumba cha vikao, kwenye meza ya watu kumi, mbele yake jagi la maji ambalo hakuligusa. Ukuta wa mbele ulikuwa kioo. Ng'ambo ya kioo ni ukumbi mwembamba, na ng'ambo ya ukumbi kioo kingine, na nyuma ya kioo hicho migongo miwili iliyokaa mbele ya kompyuta: mgongo mpana wa mwanamume wa makamo, na mgongo mwembamba wa mwanamke aliyefunga nywele juu kama kitunguu. Juu yao, ukutani, skrini kubwa yenye namba moja tu ya kijani.

Namba ile ndiyo foleni. Kampuni yao inabeba ujumbe wa hospitali kumi na tisa. Maabara ikimaliza kupima damu ya mgonjwa, jibu linatumwa, na kompyuta ya wodi inalipokea. Lakini kompyuta ya wodi pengine imezimika, pengine imezidiwa na kazi. Jibu halitupwi, linapanga mstari, na lingine nyuma yake, na lingine, mpaka mpokeaji awe tayari kuchukua moja moja. Anayelinda mstari huo anaitwa msimamizi wa mfumo. Kazi yake ni kuona kuwa mstari hausimami wala haupotezi mtu. Mambo yakienda vizuri namba inacheza: tatu, sifuri, tano, moja. Hakuna anayemkumbuka msimamizi siku kama hizo.

Kwa miaka mitano msimamizi alikuwa mmoja tu, mjukuu wangu. Kazini wanamwita Mama Foleni. Jina lake halisi nadhani wamelisahau.

Nilipomuuliza kwa nini mmoja, alicheka kidogo. Mwanzoni walikuwa watatu. Mmoja akaolewa mbali, mmoja akagombana na meneja, akabaki yeye na ile simu nyeusi ya kazini. Foleni ikikwama, simu inalia. Imemlilia sokoni, imemlilia msibani watu wakiwa wameinamisha vichwa. Alijifungua simu ikiwa chini ya mto. Siku ya tatu alikuwa ananyonyesha huku akimtajia fundi wa hospitali fulani maneno ya kuandika, herufi kwa herufi, na mtoto akidhani anaimbiwa. Mtoto alipofika miezi minane akamleta kwangu, ili asilelewe na mlio. Sasa ana miaka minne. Hapa nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi.

Na hapa mjini kwangu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni pangu, kuna tawi la kampuni ileile, na tawini kuna nafasi iliyo wazi tangu mwaka jana. Meneja alikuwa ameshachapa barua ya uhamisho. Iko kwenye droo yake, haina saini. "Mama Foleni," alimwambia, "nipe watu wawili wanaoweza kushika foleni siku nzima bila wewe. Ukiwapata, nasaini siku hiyo hiyo. Lakini nikikuachia leo, nani atajua la kufanya? Mimi?" Akajipiga kifuani, akacheka. Ni mtu mwema, ndilo tatizo lake. Mtu mbaya ungemkimbia.

Mjukuu wangu hakukosa kufundisha. Alikuwa amefundisha wanne kabla. Wa kwanza alipata cheti chake, akaajiriwa kwingine hata hajakitia fremu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu na wa nne waliondoka pamoja, wakamwandikia kadi nzuri ya shukrani. "Wasimamizi wamejaa kila mahali, Bibi," aliniambia, "na nusu yao nimewazalisha mimi. Kasoro wa kwetu."

Safari hii akachagua watu ambao hakuna kampuni ingewatamani. Wa kwanza aliitwa Posta. Alipanga barua miaka thelathini, mpaka barua zenyewe zikaisha, na sasa alikuwa mtunza majalada kule chini ghorofa ya kwanza, mtu wa kuandika tarehe hata kwenye boksi la sabuni. Wa pili aliitwa Mapokezi, kwa kuwa ndipo alipokaa. Vidole vyake vilikuwa na kasi kuliko ulimi wake, na ulimi wake, nakuambia, haukuwa na breki.

Wiki nane aliwafundisha, kila siku kwa muda wa saa mbili, kwenye mfumo wa mazoezi. Huo ni mfano tu wa mfumo halisi, sura ileile, rangi ileile, ila ujumbe wake si wa mtu. Wagonjwa wa kubuni, damu ya kubuni. Alikwamisha foleni makusudi, akawaambia watafute ilipokwama. Somo likiisha foleni imejaa takataka, na kesho yake wanahitaji mahali safi pa kuanzia. Basi yeye husema, "Futa, tuanze upya." Mapokezi anaandika neno la kufuta, mashine inauliza kama ana hakika, anajibu ndiyo, namba inarudi sifuri. Ikawa kama kufuta ubao. Ikafika mahali Mapokezi anafuta bila kuangalia, huku akisimulia alivyoonwa na wifi yake sokoni.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili alinieleza tukiwa tumeshika shuka la mwisho, akawa halinyooshi. Kila simu ilipolia kwa kweli katikati ya somo, foleni ya kweli imekwama, watu wa kweli wanangoja, hakuweza kuwaachia. Alisema, "Nipishe," akakaa kitini, akamaliza kwa dakika mbili, akainuka. Wao wamesimama nyuma yake wakitazama mikono ikipita mbio.

"Hiki kiti kina moto?" Mapokezi aliuliza siku moja. "Kila nikikipasha naambiwa ninyanyuke."

"Leo umesema nipishe mara sita, Mwalimu," Posta naye akasema, bila kicheko. Alikuwa amezihesabu.

"Kazi ilikuwa inangoja, mzee."

"Na sisi tulikuwa tunangoja."

Alidhani ni utani wa wazee.

Siku ya jaribio ikawekwa Ijumaa. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni wale wawili washike foleni ya kweli. Simu nyeusi wapewe wao. Mwalimu akae ndani ya jengo, maana meneja aliogopa akiwa mbali, lakini akiitwa, au akiingia chumba kile kwa sababu yoyote, jaribio limevunjika. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari la zamu, saa na dakika. Jioni meneja atasoma daftari, na kama ni safi, kalamu anayo mfukoni.

Ndivyo alivyojikuta nyuma ya kioo, kama samaki anayewatazama waliomnunua.

Saa mbili ilipita vizuri. Saa tatu ilipita. Namba ilicheza chini ya kumi. Alimwona Posta akiandika, Mapokezi akizungumza na simu akicheka, na akajaribu kufikiria mambo mengine. Akafikiria njia ya kutoka nyumbani kwangu hadi tawini, pale kwenye duka la fundi saa, pale kwenye mtaro, na mtoto mkono wa kushoto. Alikuwa ameshafika kwenye mtaro, aliniambia, ndipo namba ilipoacha kushuka.

Kumi na tisa. Ishirini na sita. Arobaini na moja.

Alijua papo hapo. Foleni inayopanda na kushuka imechoka tu, lakini inayopanda bila kushuka hata mara moja ina kitu mbele. Wao huuita ujumbe wenye sumu. Jibu moja limeandikwa vibaya, mpokeaji analichukua, linamshinda kulisoma, analirudisha palepale mbele, analichukua tena, linamshinda tena, mara elfu kwa saa, na wote walio nyuma wanangoja. Ni kama mtu aliyefika dirishani na karatasi isiyosomeka, kaambiwa asogee na hasogei. Dawa yake ni ndogo. Unamtoa yule mmoja, unamweka foleni ya pembeni, wengine wapite, halafu unamchunguza kwa utulivu. Ni kazi ya dakika mbili kwa anayeijua.

Tisini. Mia moja na ishirini. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akaweka kiganja kwenye kioo, kikaacha alama ya jasho. Namba ikageuka njano. Nyuma ya kila moja kulikuwa na mtu amelala kitandani na daktari amesimama mlangoni akiuliza majibu yamefika. Na kwenye droo kulikuwa na barua. Aliniambia hakujua kati ya hivyo viwili ni kipi kilichokuwa kinamkaba, na kwamba hicho ndicho kilichomwaibisha.

Mia tatu na tisa. Namba ikawa nyekundu.

Mapokezi aliinamia kibodi. Kutoka pale mjukuu wangu hakuweza kusoma skrini yao ndogo, lakini vidole aliviona, na vidole vile alivijua kwa mdundo wake. Tap-tap, tap, kisha tap nne za haraka. Alikuwa amevisikia mara arobaini. Alikuwa amevifundisha yeye.

Mapokezi alikuwa anafuta.

Ukifuta kwenye mazoezi umefuta takataka. Ukifuta kwenye mfumo wa kweli, majibu mia tatu yamekwenda, na hakuna anayejua kuwa yamekwenda. Maabara inajua imetuma. Wodi haijui kama kulikuwa na kitu. Kila upande unamsubiri mwenzake, na mgonjwa yuko katikati.

Hakumbuki kufungua mlango wa kwanza. Anakumbuka ukumbi, hatua saba, kiatu kimoja kikibaki nyuma, na mlango wa pili ukigonga ukuta.

"Acha!"

Mapokezi alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Lakini hakuwa ameinua kwa sababu ya kelele. Kiganja cha Posta, kipana, chenye wino kwenye kidole gumba, kilikuwa kimelala juu ya kibodi, kimeifunika yote. Kwenye skrini swali lilikuwa linangoja: *Una hakika?* Hakuna aliyelijibu.

"Tumeshaacha, Mwalimu," Posta alisema.

Alisimama pale na kiatu kimoja. Na badala ya kurudi alikotoka, mdomo wake ukasema neno ulilolizoea.

"Nipishe."

"Sikupishi."

"Mzee, watu wanangoja!"

"Wanangoja, naona." Hakugeuka hata kumtazama. Aliondoa kiganja taratibu, akajibu lile swali *hapana*, akaanza kutafuta herufi kwa vidole viwili, kama anayechagua mawe kwenye dengu. "Kule kwetu ikija barua isiyosomeka hatukuchoma gunia. Ilikuwa na tundu lake, tunaitia humo. Jioni, watu wamekwenda, tunaitazama vizuri na miwani. Ile foleni ya pembeni uliyotufundisha wiki ya tatu, si ndiyo hilo tundu?"

"Ndiyo," alisema, sauti ikiwa chini.

"Basi."

Ilimchukua dakika sita. Mjukuu wangu anasema hajawahi kuona dakika ndefu namna ile, hata leba. Mara mbili Posta alikosea herufi, akafuta, akaandika upya. Mara mbili mkono wa Mama Foleni ulinyanyuka wenyewe, na mara zote mbili Mapokezi akaushika akaushusha, bila neno, kama unavyomshika mtoto karibu na jiko. Hatimaye ujumbe mmoja ulitoka mbele ukaenda pembeni. Mia tatu thelathini na moja. Mia tatu thelathini na moja. Mia mbili na themanini. Mia na arobaini. Kumi na mbili. Nne. Sifuri.

Waliufungua ule wenye sumu. Mpimaji mmoja mahali fulani alikuwa amebandika ukurasa mzima wa maelezo kwenye nafasi ya jina la mgonjwa.

"Ukoo mkubwa huo," Mapokezi alisema, akacheka, kisha uso ukamkunjika akaanza kulia. "Dada, mimi nilikuwa nafuta. Mikono tu ilikwenda. Hata sikufikiri. Foleni ikiharibika tunafuta, tunaanza upya, si ndiyo siku zote?"

"Ndiyo," mjukuu wangu alisema. "Siku zote."

Hapo ndipo alipoliona jambo lote, aliniambia, kama mtu aliyewashiwa taa kwenye chumba alichokaa miaka. Kwamba kama angebaki kwenye kiti chake, hakuna kitu kingeharibika. Kiganja kilikuwa kimeshafika kabla yake. Na kwamba mikono iliyotaka kufuta ilikuwa ni yake yeye, kamvisha mwenzake.

Mapokezi alifuta machozi kwa nyuma ya mkono, akachungulia ukumbini. "Meneja yuko kikaoni ghorofa ya tatu. Hajakuona mtu. Dada, rudi zako ukakae. Hatuandiki. Mzee, si hatuandiki?"

Posta alikuwa ameshashika kalamu. Aliitazama, akaiweka juu ya daftari, akalisukuma daftari lote mpaka ukingoni mwa meza, upande wa mjukuu wangu.

"Mtoto wako ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Minne."

"Mimi nina maandishi mabaya leo," Posta alisema. "Andika wewe. Ukiandika, nasaini. Usipoandika, nasaini vilevile."

Hapa tuliacha kukunja kabisa. Nilimuuliza, ukafikiria nini, mama? Akasema alimfikiria Chiriku. Akafikiria mtaro, na fundi saa. Halafu akafikiria siku fulani mwezi ujao, yeye yuko huku kwangu anamsuka mtoto, Posta ana mafua kalala nyumbani, na kule namba inageuka nyekundu na vidole vya Mapokezi vinaanza ule mdundo, na safari hii hakuna kiganja.

Akaandika. *Saa nne na dakika kumi na saba. Mwalimu aliingia bila kuitwa. Hakuhitajika.* Akafikiri, akaongeza mstari: *Mazoea ya kufuta foleni yametokana na mafunzo. Kosa ni la mwalimu.*

Kisha akaokota kiatu chake ukumbini, akarudi kwenye meza ya watu kumi, akakaa mpaka saa kumi jioni.

Meneja alisoma akiwa amesimama. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Foleni, kwa nini umeandika?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi ningependa usingeandika." Alifungua droo, akaitazama barua kama anayetazama chakula alichokatazwa na daktari, akaifunga. "Lakini umeandika, na makao makuu wanasoma haya madaftari. Miezi mitatu. Wafundishe upya hilo la kufuta, turudie."

"Mitatu," alisema. Hakubishana. Alinyoosha mkono kuchukua simu nyeusi, kama kila jioni.

Simu haikuwepo mezani. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Posta, na Posta alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, tayari kwenda nyumbani.

"Jumamosi na Jumapili tuko nayo sisi," alisema. "Zamu mbili. Mapokezi mchana, mimi usiku, sina usingizi siku hizi."

"Posta, hamjafaulu," meneja alisema.

"Hatujafaulu, bwana. Yeye ndiye aliyeingia." Akafunga kifungo cha mfuko. "Akiitaka aje ainyang'anye."

Meneja aliangalia dari. Halafu akasema hajaona kitu, ana basi la kuwahi.

Ndiyo sababu alikuwa kwangu Jumamosi ile, mikono mitupu, akishtuka kila pikipiki inapopita. Tulimaliza nguo. Nikamuuliza kama amekula, akasema amekula, nikajua hajala, nikamletea, akala.

Chiriku alikuwa akituzunguka tangu asubuhi, kimya. Mtoto asiyenyamaza, mama yake akija ananyamaza. Na mchana, akiwepo mama, halali. Nimempigania sana usingizi huo. Aliwahi kulala mara tatu mama akiwepo, na mara zote tatu aliamka mama hayupo, ameitwa. Haulizi kama mama yake ataondoka. Anauliza kitu kimoja tu, na siku ile alikiuliza alipoona sahani imekwisha.

"Unaondoka saa ngapi?"

Siku zote jibu lilikuwa, siondoki, mama, niko hapa. Nilimwona mjukuu wangu akifungua mdomo kulisema hilo, akaufunga.

"Kesho," alisema. "Saa tisa, na basi la mchana. Utanisindikiza kituoni. Utaniona nikipanda."

"Halafu?"

"Halafu nitakuwa huko siku nyingi. Miezi mitatu, labda na zaidi. Nitakuja Jumamosi nitakazoweza."

Mtoto alilipima lile jibu. Hakulia. Nadhani alikuwa hajawahi kupewa jibu lenye saa ndani yake.

Mama mtu akajinyoosha kwenye mkeka, barazani penye kivuli, akasema anapumzisha macho tu. Hata sentensi hakuimaliza. Alilala mdomo wazi, kama mtu aliyeangushwa.

Chiriku akakaa karibu na kichwa chake, miguu ameikunja, ameshika pindo la gauni la mama yake kwa ngumi mbili.

"Lala na wewe," nikamwambia.

"Silali. Namlinda."

"Kasema kesho saa tisa."

"Nimesikia," akasema. "Lakini namlinda."

Nikakaa mlangoni, nikawaacha. Alishikilia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kichwa kikaanguka, akakiinua; kikaanguka, akakiinua, akaniangalia kwa ukali kama vile mimi ndiye ninayekisukuma. Kisha akajiegemeza kidogo tu kwenye bega la mama yake, apumzishe shingo. Macho yakabaki wazi kidogo, halafu hayakuwa wazi. Nilikwenda kumfungua vidole ili wajigeuze vizuri. Vilikuwa vimekaza. Nikaviacha.